Pikipiki ya mashindano usiguse

Hamuza,

Maharagwe iko kwa sufuria, pasha moto. Pikipiki yetu usiguse. Ufunguo iko na mimi.

Leo kocha alikuwa anachagua waendeshaji wa mashindano, na mimi nimeteleza kwa matope ya Mubuku mbele ya watu wote. Goti imechubuka. Kuangalia tairi: umejaza upepo kama unapeleka magunia ya kahawa Bwera! Kaka, hii si boda. Kwa mashindano tairi inabaki laini kidogo ndio ishike matope. Na cheni umekaza mpaka inalia. Iache ilegee, icheze upana wa vidole tatu. Juzi nilikuambia, ukacheka: "Mutoto wa koleji atanifundisha pikipiki?"

Atakufundisha. Nilipunguza upepo, nikalegeza cheni, nikaomba kurudia. Yule rafiki yako Bright wa kujisifu, nikamupita kwa kona, akakula vumbi yangu na matope juu!

Sasa sikia. Jumamosi, kwa mashindano ya Kinyamaseke, kocha anataka mutu moja tu kwa kila pikipiki. Ameandika jina yangu. Yako amekata.

~~Usikuje kuangalia.~~ Kuja, lakini simama nyuma ya kamba na wengine.

Dada yako mudogo,
Rashidah