Salamu ya Jirani wa Stechford

Wifi yangu Mwanaidi,

Tanga hamjambo? Huku Birmingham, mtaa wa Stechford, mvua haikati, na Waingereza wana neno moja la kazi zote. Chakula kikiwa kitamu ni olraiti, mgonjwa akipata nafuu ni olraiti, na asubuhi ndiyo salamu yenyewe.

Juzi jirani wa mwanangu Salma, mzee mmoja anaitwa Colin, alinirushia "olraiti?" huku anapita akichechemea. Nikamshika mkono asimame. Nikampa habari za mgongo wangu, za safari na zenu huko nyumbani, kisha nikamuuliza kama watoto wake hawajambo, na goti linamsumbua tangu lini. Salma akaninong'oneza, "Mama, unaniaibisha. Hiyo haijibiwi." Na yeye miaka yote anaishi hapa, hata jina la mzee wa watu halijui.

Leo nimemkuta Colin ananisubiri getini na mwavuli. Nikamwambia "olraiti?" nikapita zangu. Akanifuata mpaka kituo cha basi, anachechemea, ananihadithia goti.

Nibusie wajukuu. Na mtu akikuuliza hali yangu, mjibu kwa kirefu.

Wifi yako,
Zuhura