Waya Uliogeuzwa Mara Mbili

Baba Halima,

Nakusalimu ingawa hutaitikia. Halima amelala mgongoni kwangu. Jino la juu limeota, umelikosa.

Mimi bado niko ndani. Eda haijaisha, kwa hiyo siku hizi Isiolo naijua kwa masikio: mbuzi wakiswagwa kwenda sokoni, wauza miraa wakigombana, adhana. Na yale waliyosema juu yako niliyasikia papa hapa nyuma ya pazia.

Walisema uzembe wako ndio uliokuua. Eti waya uliotengenezea mradi wa maji ulikuwa mbovu, mashine ya kule mtoni Gotu ikakataa, ukarudishwa mjini kutengeneza mwingine, ndipo lile lori la mbuzi likapinduka kwenye laga, ule mto mkavu, nawe umekaa juu ya vyuma vya bodi. "Angeifanya kazi yake vizuri mara ya kwanza, leo angekuwa hai." Waliyasema hayo msibani kwako, wakinywa chai niliyopika mimi. Msimamizi wako, Bwana Mutuma, alikuwa amekaa katikati yao. Aliomba sukari, basi.

Ayo, mama yako, aliamini. Hilo liliniuma kuliko kuona jeneza likitoka. Ayo alikukasirikia ukiwa umekufa, hata jina lako akawa hataji, anasema "yule". Halima akilia anamwambia, "Nyamaza. Baba yako hakuwa makini, wewe uwe makini." Mtoto ambaye hata kusimama hajui.

Mfuko wako wa turubai waliuleta. Niliutundika kwenye msumari na sikuugusa, kwa sababu ulikuwa na vumbi la Gotu na harufu ya mbuzi. Nilijua ndani mna koleo, shati, na ule waya uliokataliwa, mfupi, wenye plagi mbili.

Unakumbuka tulivyoupima? Ilikuwa mchana, tumekaa mkekani mlangoni, mimi nimeshika plagi ya huku na wewe ya kule, betri ya redio na balbu ya tochi katikati yetu. Ukanieleza kwamba kuna sanduku mtoni linalopima maji, na waya mrefu unatoka hapo ndani ya bomba hadi kwenye kibanda, halafu huu mfupi unatoka ukutani kuingia kwenye mashine inayoandika. Kila upande una waya wa kusema na waya wa kusikia. Mashine ya zamani, iliyouawa na vumbi, haikuhitaji kugeuziwa. Hii mpya inataka nyaya mbili zipishane mahali pamoja tu, ili anachosema huyu kiingie kwenye sikio la yule. "La sivyo wanakuwa kama wewe na Ayo," ukasema, "wote mnaongea, nani anasikiliza?" Nikakurushia kipande cha risasi ya kuchomea nyaya. Nilicheka, lakini nilishika ulichosema.

Siku moja Ayo alipokwenda kuuza maziwa, niliushusha ule mfuko. Nikatafuta betri na balbu. Nikagusa pini ya pili upande huu, balbu ikawaka kwenye ya tatu upande ule. Ya tatu huku, ikawaka kwenye ya pili kule. Vile vile tulivyouacha. Nikarudia mpaka betri ikachoka. Waya wako ulikuwa mzima, Baba Halima. Sikulia. Nilipandwa na hasira.

Siku hizo hizo Bwana Mutuma akaja kupiga hodi. Alisimama nje, akanipa pole tena, akasema waya mwingine walioagiza Nairobi haujafika, hivyo anaomba ule waya mbovu, eti atoe plagi zake.

Nikawaza, mtu mzima anatoka Gotu kufuata waya mbovu? Na kama huu mfupi ni mzima, basi kosa liko kwenye ule mrefu.

"Bwana Mutuma," nikamwambia kupitia pazia, "waya mrefu wa kwenye bomba nani aliufungua?"

Alikohoa. Halafu akasema, "Mama Halima, mimi nilitaka tu kumrahisishia kazi."

Alikuwa amezigeuza zile nyaya za waya mrefu kabla hujafika, na hakukwambia. Wewe uligeuza huku, yeye aligeuza kule, zikarudi kama hazikuguswa na mtu. Nikamwuliza alijua lini. "Jioni ile ile. Lakini lori lilikuwa limeshaondoka. Kule simu hazishiki, ningemwita kwa njia gani?"

Jioni ile ile. Kwa hiyo siku ya msiba, na kikombe changu mkononi, alikuwa anajua.

Na wewe pia nina neno nawe. Mbona hukufungua ule mrefu ukaangalia? Ulimwamini kila mtu. Ukiambiwa kazi yako ni mbaya unasema "sawa bwana" na kupanda lori. Nilikuwa nakupenda kwa hilo. Sasa linanikera kila siku.

Nilimwambia waya ataupata akishamwambia Ayo maneno hayo hayo. Akasema mtu ameshaenda, maneno yatasaidia nini. Nikamwambia yatamsaidia mtoto wangu. Akakasirika, akasema hiyo ni mali ya mradi, ataleta askari. Nikasema walete, waingie kwa mjane aliye edani, mji wote uone.

Hakuleta askari. Alikuja Ijumaa baada ya swala, na sukari mkononi, akapewa kigoda. Alisema yote, polepole, anatazama viatu vyake. Ayo alimwacha amalize, halafu akamwuliza, "Mwanangu alipita mbele yako amebebwa. Wewe ulikuwa umekaa kiti gani?"

Ayo akamsukumia sukari yake kwa mguu, akaingia ndani kwangu, akakaa sakafuni karibu na mfuko wako. Akasema, "Guyo." Akasema tena, "Guyo wangu." Akalia kilio ambacho hakukulilia siku ya mazishi.

Nilishika koleo yako. Nilitaka kuukata ule waya vipande vipande nimpe. Lakini ni kazi ya mikono yako, na ni nzuri. Niliupitisha chini ya pazia ukiwa mzima. Nasikia amezirudisha zile nyaya zake, na mashine inaandika sasa. Nasikia mto unapungua.

Huko sokoni hakuna aliyeambiwa kitu. Bado wanasema uzembe. Bwana Mutuma alikiri mbele ya mwanamke mmoja mzee, kwa sababu alihitaji waya, na akarudi kazini kwake.

Eda ikiisha nitakwenda kukaa pale na maziwa ya Ayo, na atakayelisema lile neno mbele yangu nitamkalisha chini nimweleze, pini kwa pini, hata kama maziwa yatachacha. Halima hatalisikia bila kusikia na jibu lake. Betri mpya nitanunua, balbu ninayo. Akiweza kushika plagi, atashika upande wako.

Pumzika sasa, Baba Halima. Balbu iliwaka. Niliiona mwenyewe.

Mama Halima