Mpwa Niliyemkalisha Kiti cha Mhubiri

Mpwa wangu niliyekubeba mabegani,

Tangu uondoke hapa Mtua kwenda Likunja, mvua imenyesha na kukatika, na barua yako sijaiona. Ama hukuandika, ama mtu anaizuia njiani. Mimi namjua huyo mtu.

Unakumbuka tulivyojenga hili kanisa letu la Kimethodisti? Mjomba wako mkubwa, marehemu kaka yangu, ndiye aliyelianzisha kwa watu saba na kitabu kimoja cha nyimbo. Nguzo nilizileta mimi. Tingatinga la wazungu wa mashamba ya karanga lilishindwa kung'oa kisiki pale kiwanjani. Nikavua shati, nikakikumbatia, kikatoka na mizizi yake. Wewe ulikuwepo, ingawa ulikuwa mdogo na huenda ulisinzia. Na yule simba aliyeingia kaka akihubiri, akalala mlangoni mpaka baraka, hilo nalo usiache kuwasimulia watu wa Likunja.

Kaka alipofariki, tulifanya kama ukoo wetu unavyofanya. Siku ya kumaliza matanga tulikupa jina lake, fimbo yake na koti lake, maana wewe ni mtoto wa dada yetu, na cha mjomba ni cha mpwa. Jumapili iliyofuata nikakushika mkono, nikakukalisha kiti chake cha kuhubiria. Akina mama wakapiga vigelegele. Wewe ukawa unajipindapinda, nami nikashuku yule mgeni Yohana kakipaka upupu. Nikakupangusia kiti kwa leso yangu mbele ya watu.

Huyo Yohana alikuja na kambi ya karanga, kambi ikaondoka, yeye akabaki. Mtu anabakia nini asipokuwa na lake jambo?

Mara akatokea mchungaji anayezungukia makanisa. Akakutazama kitini, akauliza, "Huyu nani kamweka?"

"Mimi, mjomba wake," nikajibu kwa sauti ya kutikisa paa.

"Baba, hapa hatusimiki jumbe. Kiongozi tunamchagua."

Watu wakaambiwa wanyooshe mikono. Jirani yetu Mzee Salumu, Mwislamu aliyetusaidia kuezeka, alikuwa dirishani akicheka: "Shemeji, mnachagua imamu wenu kama watu wanaofukuza nzi!" Lilipotajwa jina la Yohana, mkono wa kwanza kwenda juu ulikuwa wako, na yeye ndiye akachaguliwa. Nikasema basi, mtoto kalishwa kitu.

Jioni ile ulinishika bega. "Mjomba, jina nimelipokea. Kuhubiri bado sijaitwa." Kesho yake kitanda chako kilikuwa kitupu.

Mpwa wangu, nimemchunguza Yohana kwa misimu miwili. Nimemfuata mpaka Chiola nikijificha kwenye mikorosho, nikakuta anamwombea mgonjwa. Nikaona hii ni hila ya hali ya juu. Juzi akanijia mwenyewe na karatasi ya zamu za wahubiri. Mimi niliishia darasa la pili, lakini jina la kaka yangu, ambalo sasa ni lako, nalisoma hata gizani. Lilikuwa hapo: Likunja, Jumapili ya pili.

"Anahubiri?" nikauliza.

"Sasa ameitwa, mzee. Kakusanya watu watano chini ya kibanda cha ufuta. Kila nikienda ananiuliza kama hasira zako zimekwisha."

Nikamwambia aondoke, anadanganya. Lakini tangu hapo nawahesabu niliowashuku. Nimemshuku Yohana, mchungaji, hata Salumu. Amebaki mmoja ambaye sijamshuku, naye ni mimi ninayeiandika barua hii.

Basi niambie kweli, mwanangu: ulimkimbia Yohana, au ulinikimbia mimi? Nampa yeye barua hii akuletee, maana mwingine anayeijua njia hakuna. Kama ni mimi, usiniandikie maneno mengi. Mwambie Yohana tu, "Mjomba aje." Nitamwamini.

Anayekungoja,
Mjomba wako mdogo