Nyumba, Vaa: Kwa Kukhu Aliyesiriba Akiimba

Mpendwa Kukhu,

Nyanya yangu, nimeupata wimbo wako! Nakuandikia nikiwa nimeketi sakafuni katika ukumbi mmoja hapa Kanduyi, kucha zangu zimejaa udongo, chai imepoa pembeni kwa sababu siwezi kutulia hata kuimaliza. Kesho watu wanakuja kuona picha zangu. Ni maonyesho yangu ya kwanza, na yote ni ya wimbo mmoja tu: ule uliokuwa ukiimba kila Desemba ukisiriba nyumba kwa ajili ya Krismasi.

Shule zikifungwa, mama alikuwa akinileta kwako hapa Kanduyi kutoka Kitale, na kazi yangu ilikuwa kushika ndoo. Ulichanganya udongo wa kichuguu, mavi ya ng'ombe na jivu, ukapanda juu ya kigoda, ukazamisha mkono. Kisha mkono ulipita ukutani, vidole vinne vimeachana, ukianzia chini upande wa kushoto, ukipanda, ukishuka upande wa kulia, kama mlima uliochorwa na mtoto. Uliimba kwa Kibukusu, maneno machache ambayo kwa Kiswahili yangekuwa hivi:

Nyumba, vaa.
Mgeni yuko njiani.
Nyumba, vaa.
Jina lake silijui.

Nilipokuwa kidato cha pili nilikuja na simu ya mama, nikawa napiga picha kila kitu: kuku, sufuria, miguu yangu. Nilipoigeuza simu kwako ulinifukuza kwa mkono wenye matope.

"We! Usinipige nikiwa hivi. Ngoja nivae nguo ya kanisa."

Ukaingia ndani, ukatoka na kitambaa cheupe kichwani, ukasimama kama askari wa gwaride, mdomo umefungwa kabisa. Nikakupiga. Ukavua, ukarudi kazini, ukaanza kuimba tena. Nami, kwa kuwa nilikuwa nimekatazwa kukupiga wewe, nikapiga ukuta.

"Sasa hii ukuta imekukosea nini?" uliniuliza, na tukacheka mpaka jirani akachungulia.

Ulipofariki niliipekua simu ile yote. Una picha nyingi za nguo ya kanisa, Kukhu. Hakuna hata moja ukiimba. Hakuna sauti yako hata ya kupiga chafya. Mama naye hajauimba wimbo huo tangu mazishi. Nikimwomba ananiambia ana mafua. Kwa hiyo nilipopewa ukumbi huu, na tayari nilikuwa nimeshamwambia kila mtu kwamba nitaonyesha wimbo wa nyanya yangu, sikuwa na wimbo. Nilikuwa na picha za kuta.

Nilianza kwa kuwatafuta wageni wa wimbo. Nilisimama barabarani Kitale nikapiga picha ya mwanamke akishuka kwenye tuk-tuk na begi lake. Nikapiga kiti kitupu, mlango wenye pazia jipya, vikombe vilivyofunikwa kwa kitambaa. Zilikuwa picha safi, zingefaa hata kalenda. Lakini niliposimama mbele yake sikusikia kitu, na niliogopa sana, kwa sababu nilidhani nimekupoteza mara ya pili, safari hii kwa mikono yangu mwenyewe.

Halafu asubuhi moja, katika chumba changu cha Kibomet, huko Kitale, niliitandaza sakafuni picha ya ukuta wako niliyokuwa nimeichapisha kubwa, kubwa kuliko kitanda. Nikapiga magoti. Nikaweka vidole vyangu juu ya alama za vidole vyako, nikafuata. Nilikuwa nikiuimba ule wimbo chini chini bila kufikiri. *Nyumba, vaa*: mkono ukapanda. *Mgeni yuko njiani*: mkono ukashuka. Na pale ulipoinua vidole kwa sababu mkono ulikuwa umefika mwisho wake, ndipo pumzi nayo iliisha. Ukasogeza kigoda, ukavuta pumzi, ukaanza tena. Kukhu, niliruka! Niliruka kweli, mpaka mpangaji wa chumba cha pili akagonga ukuta. Urefu wa mstari wa wimbo ni urefu wa mkono wako. Miaka yote hii nililia kwamba sikukurekodi, kumbe nilikuwa nimepiga picha ya wimbo wenyewe, mstari kwa mstari.

Karibu na mlango kuna mstari mmoja uliopinda ghafla. Huo naukumbuka. Nilikuwa nimekuuliza mgeni ni nani, ukacheka, vidole vikateleza.

"Ningemjua ningempikia kitu anapenda," ulisema. "Vile simjui, nasiriba."

Nikiwa mtoto nilidhani unawaimbia wajomba wanaotoka Nairobi. Siku ya mazishi yako, nikiutazama ule ukuta nyuma ya jeneza, nilidhani mgeni uliyekuwa ukimwimbia ni kifo, na nikauchukia wimbo. Sasa nasoma kitu kingine. Ulikuwa ukimwandalia mtu uzuri kabla hujajua kama anastahili. Sijui kama ndivyo ulivyomaanisha. Lakini ndivyo mikono yako inavyosema ninapoifuata.

Basi nikaamua picha hazitoshi. Nikamwomba fundi anijengee ukuta mfupi wa fito na udongo katikati ya ukumbi, niusiribe mwenyewe. Na nikafanya ujinga wa mapenzi: nikabeba gunia la udongo mwekundu kutoka Kitale, nikitaka miji yangu miwili ikutane kwenye ukuta mmoja. Jana nilisiriba. Leo asubuhi nimekuta umepasuka wote, kama visigino wakati wa kiangazi. Nikampigia mama simu nikilia.

Alifika akiwa na nguo zake za ualimu na saa mkononi. Akauzunguka ukuta.

"Ati nimesomesha mtoto mpaka yunivasiti ndio akuje kupaka matope kwa ukumbi ya watu?"

"Mama, tafadhali."

"Hii udongo umetoa wapi?"

"Kitale."

Alicheka mpaka akashika kiuno. "Hiyo ni ya mahindi, bana! Hii itapasuka mpaka Yesu arudi."

Akatoka, akarudi na bodaboda iliyobeba udongo wa kichuguu na mavi ya ng'ombe, sijui aliongea na nani. Akavua saa. Akakunja mikono ya blauzi. Akaanza kimya, nami nikashika ndoo kama zamani. Kisha mkono wake ulipopanda niliona midomo ikitikisika, na wimbo ukatoka, mdogo kwanza, halafu ukajaa ukumbi.

Unajua mama ni mfupi. Mkono wake unafika mwisho mapema, kwa hiyo na pumzi inaisha mapema, na wimbo kwake unakwenda mbio, karibu unacheza. Haukuwa wako, na ulikuwa ule ule. Nilisimama nimeikumbatia ndoo. Kamera ilikuwa mezani na sikuthubutu, kwa sababu nilijua ataniambia nini. Ni binti yako.

Akageuka, matope mpaka viwikoni, tone moja shavuni.

"Unangoja nini? Si upige."

"Hivyo hivyo? Hutaki kubadilisha?"

"Hivi hivi. Hii ndio nguo."

Nilipiga bila kunawa mikono. Udongo umekaukia kwenye kitufe cha kamera na sitaufuta.

Picha yako ya kitambaa cheupe nimeitundika mlangoni, uwapokee watu. Ya mama iko ndani, mdomo wazi. Ananiita sasa hivi nilete ndoo, upande wa nyuma wa ukuta bado haujavaa. Kesho tunafungua, na hao wanaokuja, Kukhu, majina yao siyajui.

Pumzika, nami nikasiribe.

Mjukuu wako,
mshika ndoo