Mtoto Asiyesumbua

Jumatatu, 2 Juni

Uji ukutani tena. Na kwenye nywele za Penina, na kwenye kitenge cha mama mkwe aliyesogea karibu bila kuombwa. Mwanangu ana miaka miwili na nusu. Anakula mwenyewe kwa kijiko, nusu kinywani, nusu duniani. Nampa bakuli, namwacha ahangaike nalo, nafuta baadaye. Mama mkwe anaita huo uzembe. Amekuja kutoka Kintinku kupimwa macho mjini, anakaa kwetu hapa Ilongero mpaka apate miwani. Mgeni njoo mwenyeji apone, walisema wahenga. Hawakumjua mama mkwe wangu.

Leo kampokonya mtoto kijiko mbele yangu. Kamlisha kwa mkono, harakaharaka, kama anayejaza gunia. Penina akapiga kelele. "Nyamaza, daktari anakuja na sindano!" Daktari wa watu hana hata habari. Mtoto akanyamaza, macho mlangoni, akameza kila alichopewa. Mama mkwe akanitazama: umeona? Nimeona. Nimekasirika mpaka nikashona zipu ya sketi juu chini. Nimefumua.

Jumanne, 3 Juni

Ugomvi wa leo: kuaga.

Kila asubuhi kabla sijaenda kwenye cherehani yangu pale barabarani, namwambia Penina: mama anakwenda kushona, atarudi. Analia. Ananing'ang'ania. Namkumbatia, namkabidhi kwa jirani yangu Mama Hadija, naondoka akinitazama. Mama Hadija anasema kabla sijafika bombani ameshanyamaza, anafukuza kuku.

Mama mkwe hataki kusikia. "Unamliza mtoto wa nini? Mtoroke." Watu wote hapa wanawatoroka watoto wao. Mtoto anapewa kipande cha muwa, anageuzwa uso, mama anazungukia nyuma ya choo kama mwizi wa mbuzi. Halafu wanashangaa mtoto hataki kucheza, anakaa akimlinda mama yake kutwa. Atachezaje? Akigeuka tu, mtu anapotea.

Na ziwa. Tunaachana nalo polepole, mimi na yeye. Mchana hapana, wakati wa kulala ndiyo. Ameanza kusema mwenyewe "nyonyo imelala" na kulifunika kwa kanga. Nafurahi jinsi anavyolifunika. Mama mkwe anasema kwao Ugogoni mtoto huachishwa kwa bibi. Anapelekwa, anasahau, anarudi mkubwa. Nikasema asante mama, hapana. Nilidhani hapana inatosha.

Alhamisi, 5 Juni

Wamemchukua.

Nilikwenda Singida mjini kufuata vitambaa vya sare. Shule zinafunguliwa mwezi ujao, meza yangu imejaa. Nilimuaga. Alilia, akanyamaza, akanipungia mkono. Niliporudi nyumba imefagiwa. Hakuna tone la uji popote. Mama Hadija ndiye aliyeniambia, anatazama chini. Mama mkwe kapata miwani yake, kaondoka na Penina kwenda Kintinku. Yona, mume wangu, baba mzazi wa mtoto, ndiye aliyebeba mfuko mpaka kwenye bodaboda.

Mtoto hakulia. Hilo ndilo linalonichoma. Hakulia kwa sababu bibi yake alimwambia, "Twende kwa mama." Akavaa viatu mwenyewe, cha kulia mguu wa kushoto. Akatangulia mbele akikimbia. Alidhani anakuja kwangu.

Ijumaa, 6 Juni

Yona amerudi na lori analoendesha, tupu baada ya kushusha alizeti. Nilikuwa nimekaa mlangoni namsubiri tangu asubuhi. Nilikuwa na maneno mengi, yakatoka yote kwa pamoja.

Anasema ni mila. Anasema ni wiki chache tu. Anasema nitapumzika, nimekonda. Nikamuuliza, mbona hamkuniambia?

Akasema, "Ungelia."

Nimekaa na neno hilo siku nzima. Kumbe si Penina peke yake. Na mimi nimetorokwa. Mwanamke mzima, fundi, mama wa mtu, nimegeuzwa uso nikapewa muwa.

Jumapili, 8 Juni

Maziwa yamejaa. Hayajui mila. Yalinitoka kanisani wakati wa wimbo wa pili, blauzi ikaloa, nikajifunika Biblia. Baada ya ibada wanawake wakanizunguka kunipongeza. Nina bahati ya mkwe. Wengine wanatafuta pa kumpeleka mtoto hawapati. Nimwombe na huyo mdogo atakayefuata amchukue.

Niliwajibu vibaya. Mmoja kaondoka amenuna. Sijutii.

Ziwa la kushoto limekuwa gumu kama jiwe.

Jumatano, 11 Juni

Homa. Jana nilitetemeka mpaka Yona akanipakia kwenye bodaboda kunipeleka kituo cha afya. Nesi kanipa dawa, kaniambia nikamue. Akauliza mtoto yuko wapi. Nikamwambia. Akasema ziwa halipendi kuachishwa ghafla. Nikamwambia hata mimi sipendi.

Ndiyo mapumziko yangu haya. Nimelala kitandani na jani la kabichi kifuani la kutuliza uvimbe.

Jioni nimepiga simu Kintinku. Anakula? Anakula. Ananiulizia? Aliulizia siku za mwanzo, akizunguka nyumba anafungua milango. Sasa ameacha. "Hasumbui kabisa, Mama Penina. Hata sauti yake hatuisikii." Alisema kwa fahari, kama ananipa zawadi. Nikaomba niongee naye. Nikasikia pumzi kwenye simu. Nikaita Peni, Peni, ni mama. Pumzi tu. Mtoto ambaye wiki iliyopita alikuwa anagombana na simu akidhani nimefungiwa ndani yake.

Nilikata kabla mama mkwe hajanisikia nikilia.

Jumapili, 15 Juni

Homa imepungua. Miguu bado haina nguvu. Yona anasema nikienda sasa nitaharibu, mtoto ataanza upya. Ndiyo. Ndicho ninachotaka, aanze upya.

Leo nimemwambia uso kwa uso kwamba alichofanya ni wizi. Hakujibu. Yona hajibu. Unaweza kumrushia maneno tangu chai mpaka chakula cha jioni, anakutazama kwa upole, mtu wa Mungu, halafu asubuhi unakuta kitanda kitupu na lori limeshaondoka. Hajawahi kusema nakwenda. Miaka yote hii nikidhani ni haraka ya kazi.

Jumamosi, 21 Juni. Kintinku

Sikumwomba mtu ruhusa. Bodaboda mpaka mjini, basi la Dodoma, nikashuka hapa mchana na vumbi lote la njiani.

Alikuwa amekaa kwenye mkeka kando ya mama mkwe. Msafi. Amenyolewa. Miguu imenyooshwa mbele, mikono mapajani. Hakuna mtoto wa miaka miwili anayekaa hivyo isipokuwa mgonjwa. Nikasimama, nikamwita. Nilikuwa nimejiandaa kwa kila kitu. Kwa kilio, kwa kukimbiliwa, hata kwa kukimbiwa.

Alimtazama kwanza bibi yake. Kisha akainuka, akaja, akainamisha kichwa kidogo, akasema, "Mbukwa." Ndiyo salamu yao ya Kigogo, anayopewa kila mgeni anayepita. Akarudi kwenye mkeka akakaa.

Watu wakapiga makofi. Mama mkwe akacheka kwa furaha, miwani mpya inang'aa. "Umeona mtoto? Amekuwa mtu!" Nilimpa shikamoo kwa sababu nilizaliwa na watu. Mengine yote niliyameza, na yalikuwa makubwa.

Wakati wa chakula alifumbua mdomo, akasubiri. Kijiko kilikuwepo. Hakukigusa.

Jumapili, 22 Juni. Njiani kutoka Kintinku

Asubuhi tulikuwa tunachambua mlenda, mimi na mama mkwe. Nilitaka kumchukia vizuri, kwa utulivu, lakini hanipi nafasi. Ameniwekea maziwa ya mgando pembeni. Amemshonea Penina gauni kwa mkono, kushona kubaya mno, macho yenyewe hayaoni. Anampenda mtoto. Ningefurahi kama asingempenda, kazi ingekuwa rahisi.

Akaanza kunisimulia, ili nielewe. Hata Yona aliachishwa hivihivi. Alimpeleka kwa bibi yake kule Kilimatinde, akamtoroka akiwa amelala. "Nilipomfuata akanitazama tu. Hakulia, hakukasirika. Tangu siku ile, mwanangu, Yona hajanisumbua hata mara moja." Alisema hivyo akiwa na majani mkononi. Halafu akawa hachambui tena. Akawa anayashika tu.

Nilimfikiria mume wangu na kitanda chake kitupu. Hasira yangu ilikuwa inamtafuta mtu wa kumkalia. Ikazunguka pale jikoni, kwa mama mkwe, kwa Yona, kwa bibi wa Kilimatinde aliyekwisha kufa, ikakosa pa kutua. Bado ninayo. Haijapungua hata kidogo.

Tulipoondoka nilipiga magoti, nikasema kwa heshima zote, mama, naomba umuage mtoto. Akashangaa. Kumuaga mtoto mdogo? Nikasema ndiyo, mwambie unabaki. Akajaribu. "Haya Penina. Bibi... bibi anabaki hapa." Yalitoka kwa shida, kama Kiswahili cha mtu aliyejifunza jana. Penina alimtazama, akanitazama mimi. Uso mkavu. Akapanda basi aliloambiwa apande.

Jumanne, 24 Juni

Nyumbani. Nikimkalisha, anakaa. Nikimlisha, anakula. Nikimlaza, anafumba macho. Ziwa hajaliulizia wala kulitazama. Nilimuaga asubuhi kama zamani, hata hakugeuza kichwa. Nilikwenda mpaka bombani nikarudi kuchungulia. Alikuwa ameketi palepale. Kuku wanapita mbele yake.

"Heri yako," Mama Hadija kaniambia. "Wa kwangu wangekuwa hivi ningeshukuru." Ni jirani mwema. Nusura nimtie kofi.

Wanachokiita ukubwa ndicho hiki. Mtoto amejitegemea, wanasema. Amejitegemea nini? Kijiko ameacha, viatu ameacha, kulia ameacha. Aliyekuwa anajitegemea ni yule wa uji ukutani.

Jumamosi, 28 Juni

Hakuna kipya. Nimeweka bakuli mbele yake, nikakaa, nikajizuia kumlisha. Uji ukapoa. Mdomo wazi. Mwishowe nikamlisha mimi, nikilia, yeye akanitazama nikilia.

Yona alituona. Alisimama muda mrefu kuliko kawaida yake.

Alhamisi, 3 Julai

Leo.

Nimerudi kutoka kushona sare za mwisho. Penina alikuwa uani kwa Mama Hadija. Nikasema, mama amerudi, kama ninavyosema siku zote, sikutegemea kitu. Akanyanyuka. Akachukua kiatu chake akanirushia. Kikanipata gotini. Akachukua cha pili. Halafu akaja mwenyewe, akanipiga tumboni kwa ngumi zote mbili, uso umeloa machozi, makamasi, akapiga kelele ambayo sijawahi kuisikia kwa mtoto:

"Nilikuja! Mama haupo! Nilikuja!"

Nikakaa chini pale pale kwenye vumbi. Kumbe alikuwa anaijua safari yake yote. Aliambiwa twende kwa mama, akaenda, akafungua milango yote ya nyumba ile, mama hayupo. Ameibeba peke yake mwezi mzima.

Watu wakaja. Mnyamazishe. Mpe maji. Mpe ziwa. Mama Hadija akakimbia na biskuti. Mzee mmoja aliyekuwa anapita akasema mtoto anayempiga mama yake achapwe sasa hivi kabla hajazoea. Nikamwambia shikamoo, na apite. Nikambeba Penina ndani, nikafunga mlango, nikamwambia lia. Ulikuja. Hukunikuta. Walikudanganya. Piga. Nami nimekasirika, tena sana.

Alilia mpaka sauti ikakwama. Akaning'ata bega. Kisha akalala juu yangu, mzito, jasho, mkono umeshika nywele zangu.

Nilipofungua mlango Yona alikuwa amekaa kizingitini, ametugeuzia mgongo. Alikuwa amesikia yote. Lakini hakuondoka.

Jumapili, 13 Julai

Upepo mwingi, baridi. Hatukwenda kanisani. Yona ameketi jikoni, anatengeneza kigoda.

Mama mkwe kapiga simu. Tumesalimiana vizuri. Kauliza miwani yake ya zamani kama aliiacha kwetu. Kauliza mvua, wakati huu si wa mvua. Mwisho kauliza alichotaka kuuliza tangu mwanzo. "Na mtoto? Bado mtulivu?"

Nikamwambia hapana, mama. Anasumbua sana.

Na kweli wakati huohuo alikuwa anasumbua. Baba yake alikuwa amemsaidia kufunga kifungo ambacho alitaka kukifunga mwenyewe, na sasa amelala sakafuni anapiga miguu, nyumba nzima inatetemeka.

Nikasubiri aniambie nimchape, au nimtishe na sindano. Kwa mara ya kwanza sikuwa nimejiandaa na jibu.

"Ndiye huyo?" kauliza.

Ndiye, mama.

Akaniomba nisogeze simu. Nikaiweka sakafuni kando ya Penina, nikaendelea kuosha vyombo. Mtoto alilia kwa muda mrefu. Niliporudi kuichukua, mama mkwe alikuwa bado anasikiliza.