Pete ya Ngozi kwenye Chujio

Jumamosi, baada ya sala ya jioni

Chujio la maji ya kunywa limevuja tena, na mara hii maji yalimrukia Sista, mkuu wa shule yetu, mpaka kitambaa chake cha kichwani kikalowa. "Fundi, umetuletea mvua jikoni?" aliuliza. Wasichana wenzangu walicheka. Mimi sikucheka, maana fundi ni baba yangu.

Sista amesema likivuja mara nyingine ataita fundi wa Dar es Salaam. Hapo Baba atakosa kazi na kurudi kulima kijijini kwetu Mgeta, na mimi nitaacha shule kwa kukosa ada.

Baba alizoea kutengeneza ngoma. Ndiyo maana ile pete ya kuziba kati ya chombo na kifuniko aliikata kwa ngozi ya mbuzi. Kwa maji baridi haikutoa hata tone. Lakini kila Jumamosi tunaliosha chujio kwa maji yanayochemka.

Niliogopa kumsahihisha. Mwishowe nikamwuliza, "Baba, ngoma ikilegea unaifanyaje?"

"Naipasha moto, ngozi ijikaze." Akaitazama ile pete, akacheka. "Kumbe hii nayo naipasha kila wiki, inajikaza na kuacha mwanya, mama!"

Alikata pete nyingine kwa kipande cha mpira mgumu walichompa mafundi wa reli. Akakaza bolti moja, kisha ile inayoielekea, mpaka zikaisha. Tukalijaza maji ya moto. Akapitisha kidole kuzunguka kifuniko chote, akanionyesha. Kikavu.

Sijui kama patabaki pakavu chujio likipoa. Hata hivyo nimefua gauni langu la shule la Jumatatu.