Ujumbe wa Mzee Picha Uliotoka Baada ya Miezi Saba

MAELEZO YA SHAHIDI
Yamechukuliwa kituoni, chumba cha upelelezi, Ijumaa tarehe 11 mwezi wa tisa, asubuhi.
Shahidi: mwanamke wa miaka 41, anajulikana kazini kama Bi Tabaka.
Kazi: msimamizi wa kompyuta pepe, kampuni ya bima.
Makazi: ghorofa ya pili, nyuma ya kiwanda cha mikate, pamoja na mama yake.

Afande ameniomba nieleze kwa lugha ya nyumbani. Nitajaribu, ingawa jina la Bi Tabaka nilipewa na wenzangu kwa sababu nikianza kueleza sikomi. Kazini kwetu mtu ana kioo na kibodi tu mezani. Kompyuta yenyewe imo ndani ya seva, ile mashine kubwa ya ofisi, na kila asubuhi anapoingia hutandikiwa upya, kama kitanda cha wageni. Godoro ni la wote. Mashuka ni programu za idara yake. Juu kabisa ni blanketi lake mwenyewe, yaani tabaka lenye mafaili yake, picha zake na barua pepe zake. Jioni kitanda kinatanduliwa, blanketi linakunjwa na kuhifadhiwa.

Kwetu blanketi hilo limesajiliwa kwa kiti, si kwa mtu. Ni amri ya meneja mmoja aliyechoshwa na watu kuacha kazi. Anayekaa kiti cha tatu idara ya madai huingia kwa jina la Madai Tatu, awe nani awe nani. Nilisema kiti hakiandiki barua, nikaambiwa nipunguze maneno.

Kiti hicho kilikuwa cha mkaguzi wa magari yaliyogongwa, tuliyemwita Mzee Picha kwa sababu bampa moja aliipiga picha thelathini. Nilimchukulia kama kaka, na mkewe namwita wifi. Mnamo tarehe 9 mwezi wa pili, saa sita na robo mchana, alianguka kwenye ngazi za ofisi. Alifariki kabla ya kufika hospitali.

Asubuhi ya siku hiyo tabaka lake lilikuwa limejaa picha pomoni. Tabaka likijaa hivyo likafungwa, halifunguki tena, na mfumo humpa anayeingia tabaka tupu la muda. Kulifuta sikuweza, maana ndani mlikuwa na picha za madai ambayo hayajaisha. Binti aliyeajiriwa kukalia kiti hicho amefanya kazi hivyo tangu aje. Alichopanga leo, kesho hakikuti. Aliwahi kuniuliza, "Dada, hivi mimi hapa nitakuwa mgeni mpaka lini?" Nilimwambia avumilie, toleo jipya la mfumo liko njiani.

Toleo hilo lilifika wiki hii. Linapanua tabaka lililojaa bila kufuta kitu, linatengeneza lililoharibika, tena linaruhusu ujaribu kwa mtu mmoja kabla ya kuwapa wote. Nilianza na Madai Tatu ili binti wa watu apumue. Jana Alhamisi saa mbili asubuhi nililiweka, likakubali. Nilifurahi, nisifiche.

Saa mbili na nusu binti aliniita. Kwenye kioo chake palikuwa na picha ya watoto wawili asiowajua wamekaa juu ya boneti. "Dada, hii si kompyuta yangu. Na kuna barua imejituma yenyewe, mimi sijagusa kitu." Nilimwambia aondoe mikono. Nilijua pale pale ni blanketi la nani.

Saa nne wifi aliingia ofisini na simu mkononi. Ujumbe ulitoka kwa mumewe, unasema: "Mama watoto, nimesoma. Ulimi hauna mfupa, hata wangu. Kuleni, msinisubiri, kikao kitarefuka." Idara ya madai simu huachwa mlangoni, hivyo wao waliandikiana kwa barua pepe ya kazini. Asubuhi ya msiba waligombana kabla hajatoka nyumbani. Akiwa kazini, wifi alimwandikia kumwomba msamaha, na hakujibiwa. Kwa miezi saba ameamini kwamba mumewe alikufa na kinyongo.

Alimtazama binti kwenye kile kiti, akasema, "Umesoma barua yangu kwa mume wangu, sasa unanichezea." Binti alilia tu. Nilipoanza kueleza mambo ya matabaka, wifi aliniambia ninamtetea mwenzangu wa kazi. Alikuja moja kwa moja hapa kituoni kulalamika, na binti akakamatwa saa saba.

Afande ameniuliza kama binti angeweza kuandika maneno yale na kuyapa tarehe ya zamani. Hapana. Tangu tarehe 9 mwezi wa pili tabaka lile halikufunguka kwa yeyote, hata kwangu mwenye funguo zote. Binti alikuwa hajaajiriwa. Ujumbe uliandikwa saa tano na dakika hamsini siku hiyo, ukakosa nafasi ya kutoka kwa sababu ya picha za magari, ukatoka jana nilipolipanua tabaka. Tulilaani ubovu ule miezi yote, kumbe ndio unaomwokoa binti. Afande ametania kwamba marehemu ameacha blanketi lenye ushahidi. Sikucheka, ila hakukosea.

Leo kabla sijaitwa humu ndani, wifi alinikuta kwenye benchi la nje. Aliniuliza, "Alikufa amenikasirikia?" Nilimjibu kwamba ya moyoni mwa mtu siyajui, mimi najua matabaka. Nikamwonyesha saa ujumbe ulipoandikwa, dakika ishirini na tano kabla hajaanguka. Nilimwambia kwamba picha za madai nimezihamisha, na meneja ameagiza tabaka lifutwe leo jioni.

Akanishika mkono. "Usilifute kwanza, wifi. Sijamjibu."

Niliyoyasema ni hayo. Nimesomewa, nimeyakubali, natia sahihi kwa hiari yangu.

(Sahihi ya shahidi)

Dokezo la mpelelezi: Mlalamikaji ameondoa shauri. Binti ameachiwa saa tano, amechukuliwa na shangazi yake. Nimempigia meneja wa kampuni kumjulisha kwamba tabaka husika ni kielelezo cha ushahidi na lisiguswe hadi Jumatatu. Mlalamikaji ameomba kalamu na karatasi, amekaa chumba cha pili, anaandika.